Baridi ya Karatu nusura inivunjie ndoa, kisa sato!

MSOMAJI wangu, kama hujawahi kuamka saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba pale Karatu, basi usinihadithie habari za baridi. Watu wa Dar mnavaa masweta Julai kwa mbwembwe tu. Sisi huku tuko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, ukungu unateremka toka msitu wa Ngorongoro unakukuta kitandani, na ukifungua mdomo nje unatoa moshi kama mvuta sigara. Huko juu ukingoni mwa kreta, mita 2,300 hivi, ndio usiseme. Watalii waliokuja na vikaptula wanaishia kujifunika shuka za Kimasai.

Sasa katika kipupwe hicho, mimi mtoto wa mjini niliyehamia kikazi toka Arusha, nikajitia kufuga samaki nyuma ya nyumba.

Hela zenyewe wala hazikuwa zangu. Mama watoto alikuwa amepokea mchezo wa akina mama, amepania kununua draya la saluni yake. Nikamwimbisha wiki nzima. Nikapiga hesabu kwenye karatasi: vifaranga 300 vya sato, miezi sita, kila mmoja robo kilo, Karatu mahoteli kibao, watu wanataka samaki. Mwisho naye akaona draya moja ni ushamba, tutanunua mawili!

Bwawa likachimbwa, mita nane kwa tano. Kina sentimita 60 tu, maana vijana walipogonga mwamba nikawaambia inatosha, hela ya kuongeza sina. Tukatandika nailoni ngumu, tukajaza maji, vifaranga wakaja na basi ndani ya mifuko iliyojazwa hewa. Hiyo ilikuwa Februari. Mpaka Mei mambo bomba! Nikirusha pumba tu, maji yanachemka samaki. Majirani wanaleta watoto kuangalia. Pale kijiweni nikabatizwa "Mzee wa Ziwa", na mimi kichwa kikavimba.

Juni ikaingia, pumba zikaanza kuelea. Narusha asubuhi, jioni nazikuta vile vile zimelowa. Nikajiambia hawa wamekinai, wanataka mboga. Nikaongeza mashudu ya alizeti na dagaa wa kusaga. Hawali. Naongeza tena. Samadi nayo nikamwaga ndoo mbili, si niliambiwa inarutubisha maji?

Julai ukaja ukungu wa siku tatu mfululizo, jua hatulioni. Siku ya nne alfajiri nikatoka na tochi. Samaki wote wako juu, midomo wazi, wanapiga funda za hewa kama watu waliokimbizwa. Wengine ndio hivyo tena, matumbo juu. Nikahesabu 41.

Mama watoto akatoka amejifunga kanga mbili. Akaangalia maji, akaniangalia mimi.

"Baba nanihii, hilo draya langu ndilo linaelea?"

Kwa kiherehere nikaazima wavu, nikawavua wengine niwahamishie kwenye mapipa ya maji vuguvugu. Kasheshe juu ya kasheshe! Baada ya siku chache wale niliowashika wakaota kitu cheupe ubavuni kama pamba. Wakaondoka 12 zaidi. Mzee jirani yangu, Mwiraqw mwenye kahawa zake, akaniona nimekaa juu ya ndoo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, hata ng'ombe akiumwa hulazimishwi kumshindilia majani."

NDIPO NIKATAFUTA MTAALAMU

Nilikuwa nimeshanunua kipimajoto duka la dawa, nikakichovya bwawani, kikagoma kabisa. Kumbe vya hospitali vinaanzia nyuzi 35, vimetengenezwa kwa binadamu! Kijana mmoja aliyesomea mambo ya samaki akaja na cha kwake. Maji yalikuwa nyuzi 17.

Akanifundisha jambo ambalo ningelijua Februari ningeokoa ndoa na hela. Samaki hana moto wake mwilini kama sisi. Maji yakiwa baridi naye anakuwa baridi, na tumbo lake linapunguza kazi. Sato raha yake ni nyuzi 25 mpaka 30. Chini ya 20 hamu ya kula inapotea, kwenye 16 karibu anaacha kabisa, na maji yakishuka kukaribia 10 ndipo baridi yenyewe inamuua. Kwa hiyo samaki wangu hawakuuawa na baridi. Niliwaua mimi kwa ukarimu wangu!

Zile pumba na samadi zilikuwa zinaoza chini, na kitu kikioza kinakula hewa ya maji. Ule ukijani wa bwawa ndio unaotengeneza hewa mchana, ila lazima upate jua, na usiku nao unavuta hewa hiyo hiyo. Siku tatu za ukungu zikamaliza akiba. Ndio maana wanakufa alfajiri. Ile pamba nayo ni ukungu wa ugonjwa, unapenda samaki aliyechubuliwa magamba wakati wa baridi. Wavu wangu huo!

Nikamuuliza, mbona kule Ziwa Eyasi, ng'ambo ya Mang'ola, perege wapo na ni wilaya hii hii? Akacheka. Eyasi iko chini, mita kama 1,030, kuna joto kule acha kabisa. Sisi tumekaa ghorofani.

Basi tukasomba lile tope kwa ndoo, tukapunguza maji theluthi moja kidogo kidogo, tukaongeza mapya kwa kuyamwaga toka juu ili yashike hewa. Samadi marufuku. Chakula kiganja kimoja saa nane mchana, tena siku ya jua tu, na kikibaki baada ya dakika kumi nakitoa. Jioni nafunika nusu ya bwawa kwa turubai, asubuhi nafunua. Mparachichi uliokuwa unatia kivuli nikaukata matawi mawili (mwenye nyumba bado tunaongea).

Wenzetu Ulaya mabwawa yanaganda barafu juu, na samaki wao jamii ya kapu wanapona chini. Wanaacha kuwalisha maji yakifika kama nyuzi 10, na barafu hawaigongi kwa nyundo, maana kishindo kinaumiza samaki. Wanaweka sufuria ya maji moto juu yake mpaka tundu liyeyuke.

Kijiweni kuna mshikaji akanishauri nifuge trauti, samaki wa baridi walioletwa Kenya na wazungu mwaka 1905, wakawekwa Mto Gura. Ushauri mzuri, ila trauti anataka maji baridi yanayotiririka, safi, yamejaa hewa. Mimi maji ya bomba yenyewe nayasubiri kwa foleni.

Ile miezi sita ya kwenye karatasi ikawa kumi. Agosti nzima sato walikaa tu chini kimya, hawakuongezeka hata kidogo, na mimi nikakaa kimya na mkono mfukoni, kazi ngumu kuliko kulisha. Septemba jua lilipowaka wakaanza kupanda juu wenyewe. Desemba tulivuna 219, wengi hawakufika robo kilo, hapo sijahesabu vitoto. Waliopungua muulize ndege mdiria. Mahoteli yalitaka wakubwa, kwa hiyo tukauza mtaani, Krismasi wakaisha.

Draya limenunuliwa, moja, la mtumba. La pili nakumbushwa kila Jumapili. Mwamba nimeshaupasua, kina sasa ni mita moja na robo, na turubai la Juni liko kwenye kamba linakauka.