Maisha tayari ni magumu, mbona usome riwaya za giza? Anza na hizi

Kama kitabu cha mwisho ulichosoma kutoka jalada hadi jalada kilikuwa Chozi la Heri, hauko peke yako. Wengi wetu tulikifunga siku ile tulimaliza karatasi ya tatu ya Kiswahili kwa KCSE, tukaapa kwamba hakuna mtu atawahi kutuambia tena "eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4."

Sasa ukimwambia msee wa mtaa asome riwaya, tena riwaya ya mambo mazito, anakupiga swali moja: "Manze, keja sijalipa, kazi hakuna, maji yalipotea tangu Jumatatu. Mbona tena nikasome shida za watu wengine?"

Ni swali la haki, na nitalijibu kabla sijakupa orodha. Ukiwa ndani ya shida yako mwenyewe, akili yote inatafuta mlango. Huna saa ya kuketi na kuuliza: hii kitu ilipangwa na nani? Nani anakula hapa? Mbona kila mara ni sisi tunaumia? Riwaya inakuingiza kwa shida ya mtu mwingine ukiwa umelala kitandani kwako, halafu inakupa nafasi ya kuangalia huku na huku bila haraka. Ukirudi kwa maisha yako, unaanza kuona kamba ambazo hukuwa unaziona.

Hapa nimechanganya aina mbili. Ya kwanza ni riwaya za vijana zinazoongea mambo ambayo nyumbani yananyamaziwa: ubakaji, polisi kuua, dawa za kulevya, vita vya kikabila. Ya pili wasomi wanaiita distopia, yaani hadithi ya kesho iliyooza, ambapo serikali imegeuka jinamizi, au maji yameisha, au watoto wanapiganishwa kwa televisheni. Zisome zote na swali moja mkononi: sheria hii iliwekwa na nani, na inamfaa nani?

Bahati nasibu isiyo na bahati

The Hunger Games ya Suzanne Collins ilitoka 2008. Pengine uliona filamu. Soma kitabu hata hivyo. Katika nchi ya Panem, kila mwaka wilaya 12 zinatoa kila moja mvulana na msichana wa kati ya miaka 12 na 18. Hao 24 wanaenda kuuana mbele ya kamera hadi abaki mmoja. Majina yanachaguliwa kwa bahati nasibu, na ukiangalia juu juu utasema watoto wote wako sawa.

Lakini kama kwenu hakuna chakula, unaruhusiwa kuongeza jina lako mara nyingine ili upewe nafaka na mafuta. Kwa hivyo Katniss, msichana wa miaka 16 anayelisha mamake na mdogo wake, jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale yumo mara 42. Binti wa meya hajawahi kuhitaji kuongeza lake hata mara moja. Mchezo ni uleule, sheria ni ileile, na bado wanaokufa wanatoka upande mmoja. Ukielewa hapo, utaanza kuangalia vizuri kila kitu ambacho huku kwetu kinaitwa "nafasi sawa kwa wote."

Si ajabu hadithi hii iliruka kutoka kwa rafu na skrini ikaingia barabarani. Baada ya mapinduzi ya 2014 huko Thailand, waandamanaji waliinua vidole vitatu, ile ishara ya Katniss. Mwaka wa 2021 vijana wa Myanmar wakaiinua pia baada ya jeshi kuchukua nchi yao.

Kiingereza chake ni chepesi na sura zinakatika mahali pabaya, unajipata umesoma nyingine tatu. Kama hujashika riwaya kwa miaka, anza na hii.

Siku mfereji ulikauka

Dry (2018) iliandikwa na Neal Shusterman pamoja na mwanawe Jarrod. Kusini mwa California, Marekani, mifereji inakauka siku moja, yote kwa wakati mmoja, baada ya majimbo jirani ya Arizona na Nevada kufunga maji ya mto Colorado.

Nitakuwa mkweli. Kurasa za kwanza, kama unaishi Kayole au Pipeline, zitakuchekesha. Watu wanashangaa kwamba mfereji unaweza kutoa hewa! Wewe una mitungi yako ya lita 20 chini ya kitanda na unajua siku ya mgao. Kile wanaita mwisho wa dunia, kwako ni Jumanne.

Halafu kicheko kinaisha. Wazazi wa Alyssa, aliye na miaka 16, wanaenda kutafuta maji na hawarudi. Jirani yao amejaza maji na chakula kwa nyumba yake na kujifungia ndani. Kuanzia hapo kitabu kinakubana: ungegawa maji yako na nani? Hadi lini? Na yule unayemfungia mlango leo, kesho utamwangalia vipi?

Ukiimaliza ukitaka kitu kizito zaidi, chukua Parable of the Sower ya Octavia Butler. Aliitoa mwaka wa 1993, lakini hadithi yenyewe inaanza Julai 2024. Wewe Julai 2024 unaikumbuka, wiki chache tu baada ya Juni 25, kwa hivyo tarehe hiyo itakushika kabla hata hujafungua ukurasa wa pili.

Lauren Olamina ana miaka 15. Anaishi karibu na Los Angeles kwa mtaa uliozungushiwa ukuta. Maji ni ghali kuliko petroli. Polisi wakiitwa, wanataka kulipwa kwanza. Wazee wanasubiri siku nzuri za zamani zirudi, lakini Lauren haamini kama zitarudi. Anasoma kuhusu mimea inayolika na anapanga mkoba wa kutoroka nao. Akimweleza rafiki yake, maneno yanafika kwa babake na anakemewa kwamba anatisha watu. Kama umewahi kuambiwa "wachana na siasa, tafuta kazi," utamwelewa huyu dada haraka sana. Onyo tu: hiki kinauzwa kama kitabu cha watu wazima na kina ukatili mwingi. Usimpe mdogo wako wa darasa la saba.

Wakiuliza marehemu alikuwa nani

The Hate U Give ya Angie Thomas ilitoka 2017. Thomas ni wa Jackson, Mississippi, na aliianza kama hadithi fupi akiwa bado mwanafunzi, baada ya kijana mweusi aitwaye Oscar Grant kuuawa na polisi wa treni huko Oakland mwaka wa 2009.

Starr Carter ana miaka 16 na ana sauti mbili. Moja ni ya mtaa wao, Garden Heights. Nyingine ni ya shule ya matajiri anakosomea, ambapo anachunga kila neno asionekane wa ghetto. Wewe unayepiga Sheng kwa stage halafu kwa mahojiano ya kazi unatoa Kiingereza cha puani, hii ni hadithi yako.

Usiku mmoja polisi anasimamisha gari la rafiki yake Khalil na kumpiga risasi. "Bunduki" aliyoona ilikuwa brashi ya nywele. Starr ndiye shahidi pekee. Kabla hata Khalil hajazikwa, watu washaanza kuuliza: alikuwa anauza dawa? Alikuwa wa genge?

Hayo maswali hatuhitaji kutafsiriwa. Hapa Nairobi, Machi 2020, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya kwao wakati wa kafyu ya korona. Huyo hakukuwa na namna ya kumwita jambazi. Lakini wengine wakipigwa risasi huwa tunaambiwa "alikuwa mwizi" na tunanyamaza hapo. Starr anatuuliza kitu kigumu: kwani mtu akiwa na makosa yake, maisha yake yanakuwa ya bure? Na wewe uliyeona, utaongea?

Yale hayasemwi mezani

Hapa nakupa vitabu viwili vya kusoma pamoja, ingawa vimepishana karibu miaka 30.

Speak ya Laurie Halse Anderson (1999) ni ya Melinda, anayeingia shule ya upili kila mtu akimchukia kwa sababu aliita polisi wakavunja pati. Hakuna aliyemuuliza aliwaita kwa nini. Yeye mwenyewe hawezi kusema, na sauti yake inazidi kupotea. Kuna mahali utacheka kwa jinsi anavyowachora walimu wake, na dakika hiyo hiyo koo inakauka.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) iko kwa Kiswahili kabisa, kutoka Ukerewe, Tanzania. Zakaria ana sheria kali kwa binti yake kuliko kwa chupa yake ya pombe. Anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na anadhani kazi ya malezi imeisha hapo. Rosa anapotoka nyumbani kwenda kusoma, hajui kitu kuhusu wanaume, na wanaume wenye vyeo wanajua hilo vizuri. Kitabu hiki kiliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania. Ukikisoma utaona ni nani walikuwa wanalindwa na hiyo marufuku, na hawakuwa wasichana.

Vitabu hivi viwili vinagusa ubakaji, na Rosa Mistika inagusa pia kujiua. Kama mambo haya yamekupata, si lazima uvisome, ama usivisome peke yako. Na kama unahitaji kuongea na mtu, piga 1195 kuhusu dhuluma za kijinsia, au 116 ikiwa ni mtoto. Zote ni bila malipo.

Vya kwetu, bila mtihani

Sasa rudi kwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Najua. Lakini isome kama mtu mzima, bila kalamu ya kupigia mistari maudhui na mbinu za lugha. Ridhaa ni daktari anayechomewa nyumba na familia yake baada ya uchaguzi, na wanaomgeuka ni watu aliokuwa anakula nao. Dick ni mtoto anayeibwa na mfanyakazi wa nyumbani na kuishia kubebeshwa dawa za kulevya. Shuleni tuliandika "maudhui ya ukabila" na tukapewa alama mbili. Isome tena mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, uone kama bado ni maudhui.

Ya mwisho ni Walenisi ya Katama Mkangi (1995), ambayo ningependa kila mpenzi wa filamu za anga aijue. Dzombo anahukumiwa kifo na kufungiwa ndani ya chombo cha angani ili aangamie huko. Badala yake anajifunza kukiendesha, na anafika mahali panaitwa Walenisi. Likate hilo jina: wale ni sisi. Huko, watu wamejipangia maisha bila mkubwa wa kuwakalia. Mkangi alikuwa mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini bila kushtakiwa miaka ya 80, kwa hivyo hakuwa anaota tu. Alijua vizuri upande wa pili wa hadithi. Kiswahili chake kina vilima, nenda pole pole. Ninaiweka mwisho kwa sababu vitabu vingine vinakuonyesha mchezo ulivyopangwa vibaya, na hiki kinathubutu kuonyesha unaweza kupangwa vingine.

Utavipata wapi?

Mimi niliacha chuo karo ilipokataa kupatikana, na kitu kimoja niligundua ni kwamba ukishatoka darasani hakuna mtu anakupa orodha ya vitabu tena. Unajipangia. Anza na inama bookshop za katikati ya jiji, zile vitabu vimetandazwa chini kando ya barabara. The Hunger Games hupatikana huko mara nyingi, na bei ni mdomo wako. Kuna maktaba ya McMillan, Banda Street, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara ambayo yalifanyiwa ukarabati na sasa ni mahali poa pa kukaa. Vya Kiswahili, uliza kwa maduka ya vitabu vya shule. Najua pia PDF zinazunguka WhatsApp. Fahamu tu kwamba hapo mwandishi hapati hata shilingi.

Usinunue vyote. Chukua kimoja kinachogusa mahali unapoumwa, changa pesa na marafiki wawili, mpokezane. Mkimaliza, kutaneni Jumamosi mjibizane: ungemfungulia jirani mlango? Ungeongea kama Starr? Nani aliweka hizi sheria tunazocheza nazo sisi? Hakuna alama 4 hapo, na hakuna jibu limeandikwa nyuma ya kitabu.