Mteja Anapoagiza Nje ya Soko la Mtandaoni

Ofisi ya miradi imekuwa ikiulizwa mara kwa mara nini kifanyike pale mteja aliyeona michoro ya vikundi vyetu katika soko la mtandaoni anapotuandikia moja kwa moja na kutaka kitu cha pekee. Tumeona vema tulieleze jambo hili, maana limekwisha kutugharimu.

Kwanza tukumbushane soko lenyewe linavyofanya kazi. Katika masoko kama Redbubble, lililoanzishwa Melbourne, Australia, mwaka 2006, au Spreadshirt, lililoanzishwa mwaka 2002 huko Leipzig (mji wa ile Misioni ya Leipzig iliyoanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893), mchoraji huweka picha tu. Hakuna fulana inayochapwa mpaka mteja ailipie. Ndipo kampuni huchapa, hufungasha, hutuma na kushughulikia mzigo unaorudishwa. Mchoraji hupata sehemu ndogo ya bei. Wengi hulalamikia udogo huo, wakisahau kazi yote inayofanywa na ile sehemu kubwa.

Sisi wenyewe tulisahau. Kikundi kimoja cha vijana kinauza michoro kwa akaunti iliyo kwa jina la usharika rafiki wa Ujerumani. Mwaka 2023 kwaya moja ya huko iliomba fulana 30 zenye mchoro wetu, jina la kwaya na mwaka wa jubilei yao, wakapendekeza walipe moja kwa moja ili bei ipungue. Kwa furaha tulikubali siku hiyohiyo, tukachapisha mjini hapa na kutuma kifurushi. Habari za forodha hatukuuliza. Kumbe tangu tarehe 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa mizigo midogo ya biashara. Ujerumani kodi hiyo ni asilimia 19 kwa nguo, nayo hukokotolewa pamoja na gharama ya usafirishaji. Wenzetu wakadaiwa, nasi kwa aibu tukawarudishia. Aidha, fulana tano zilikuwa ndogo na hakukuwa na wa kuzibadilisha. Faida yote ya kikundi ikaishia hapo.

Tulichopaswa kufanya kilikuwa rahisi: kutengeneza mchoro wa pili wenye jina la kwaya, kuuweka katika soko lilelile, na kuwatumia wateja anwani ya ukurasa wake. Fulana zingechapwa hukohuko Ulaya.

Lipo pia suala la masharti. Etsy, kwa mfano, ambayo tangu Aprili 2022 hutoza asilimia 6.5 ya mauzo, hairuhusu muuzaji kumchukua mteja aliyempata humo na kumlipisha pembeni ili kukwepa tozo. Duka linaweza kufungwa. Mteja aliyekutana nasi kanisani au kwenye maonesho ni habari nyingine. Huyo tuko huru kuelewana naye, mradi tujue nani atachapa, nani atalipia usafiri na kodi, na malipo yanapokelewa lini.

Wengine hawataki fulana, wanataka faili la picha wakachape wenyewe. Hapa tunaomba uangalifu mkubwa. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ni ya mchoraji tangu anapochora, hata kama hajasajili popote. Kamati haina mamlaka ya kuitoa bila yeye. Akikubali, iandikwe picha itatumika kwa bidhaa gani, ngapi na kwa muda gani. Kuruhusu matumizi si sawa na kuuza haki yote.

Na yupo mteja asiye mteja. Huagiza mzigo mkubwa bila kuuliza bei, hutuma hundi iliyozidi, kisha huomba ziada apelekewe msafirishaji wake. Hundi hubainika kuwa bandia baada ya fedha zetu kuondoka. Anayefanya hivyo asijibiwe.

Kwa sasa tunaomba kila ombi la namna hii lifike ofisi ya miradi kabla kikundi hakijataja bei. Ile kwaya ya Ujerumani imeagiza tena, safari hii vikombe 12, na wamevinunua sokoni.