Gari likigoma kuwaka, alipwe nani: mpimaji au muuza spea?

Gari kuukuu likigoma kuwaka asubuhi, kuna biashara tatu zinazolisubiri: ya betri, ya stata na ya altaneta. Ya nne, ya kujua ni ipi hasa inayotakiwa kati ya hizo tatu, haina duka wala bei. Fundi umeme wa magari, awe Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, hulipwa kwa kufungua na kufunga, na mara nyingine hupata chochote kutoka kwa muuza spea aliyempelekea mteja. Kwa kutafuta chanzo cha tatizo halipwi. Hapo ndipo fedha za wenye magari ya mtumba zinapovujia, na sababu si kwamba mafundi ni wezi au hawajui kazi. Wateja wamekubali kununua kifaa na wamekataa kununua jibu, na fundi naye ana familia ya kulisha, kwa hiyo anauza kinachonunulika.

Biashara hii haiwezi kuwa ndogo katika ukanda ambao magari mengi huingia yakiwa yameshatumika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza yale ya miaka 15 na zaidi. Tanzania haizuii, ila hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozeeka. Sheria zote hizi huhesabu umri gari linapoingia. Likishapata namba za usajili hakuna anayehesabu tena, na gari lililoshushwa likiwa na miaka 7 linaweza kuitumikia familia, kisha teksi, kisha mkulima, miaka mingine 15. Muda wote huo nyaya zinakauka, waya wa ethi unaota kutu pale unapofungwa kwenye bodi, na betri inapikwa na joto la injini pamoja na la hewa. Joto ndilo adui mkubwa wa betri ya risasi na asidi, kuliko baridi. Baridi ya Njombe au Limuru hufichua tu betri iliyokwisha kuchoka, ila inayoichosha hasa ni hali ya hewa kama ya Mombasa na Dar es Salaam. Ndiyo maana fundi anayesema "hii ni betri" bila kupima chochote hupatia mara nyingi, na ndiyo maana mazoea hayo hayafi. Kubahatisha kunakopatia mara nyingi ni kugumu kukuacha kuliko kunakokosea kila siku.

Lakini zile mara anazokosea zina gharama, na kuziepuka ni kazi ya dakika chache kwa mita ya volti ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya betri yoyote mpya. Betri nzima iliyotulia usiku kucha husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Stata inapozunguka, kipimo kisishuke chini ya volti 9.6 hivi. Injini ikishawaka, altaneta ya gari la zamani inapaswa kuonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Vipimo vitatu hivyo tayari vinatenganisha kesi nyingi. Cha nne ndicho wengi hawakifanyi, nacho ndicho huokoa fedha nyingi zaidi. Ncha moja ya mita iguse nguzo ya hasi ya betri, kwenye risasi yenyewe na si kwenye kichwa kilichofungwa juu yake, na ncha ya pili iguse chuma cha injini, kisha mtu apige stata. Kwenye njia safi mita haitazidi volti 0.2 au 0.3. Ikionyesha volti nzima, tatizo ni ethi: umeme unapotelea kwenye kutu na mafuta kabla haujaifikia stata, na hata betri tatu mpya zikifungwa kwa zamu hazitaliwasha gari hilo vizuri. Dawa yake ni brashi ya waya, au kipande cha waya mnene.

Mlio nao ni ushahidi kwa anayejua kuusikiliza. Gari likitoa mfululizo wa tik-tik-tik huku taa za dashibodi zikififia, umeme hautoshi. Likitoa mlio mmoja mzito na taa zikabaki kama zilivyo, aghalabu tatizo limo ndani ya stata. Kwenye stata za Denso, ambazo zimefungwa kwenye Toyota nyingi mno barabarani kwetu, kinachokufa kwanza mara nyingi ni vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, vinavyolika kila gari linapowashwa. Hubadilishwa vyenyewe, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na stata. Hata hivyo mteja huuziwa stata nzima ya mtumba ambayo shaba zake hakuna aliyeziona, na huenda zimelika kuliko zilizotolewa.

Badala ya kupima, ufundi wetu umerithi mazoea. Lililoenea zaidi ni kung'oa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma: gari likizimika altaneta imekufa, likiendelea ni nzima. Kwa gari la kabureta lisilo na kompyuta jambo hilo lilivumilika. Kwenye gari la sindano ni kamari, kwa sababu betri ndiyo inayotuliza volti za altaneta. Ikiondolewa ghafla volti huruka juu, na zinaweza kuua daiodi za altaneta au kompyuta ya injini. Kipimo kinachoweza kuua kinachopimwa si kipimo. La pili ni kuongeza asidi kwenye betri iliyopungukiwa maji. Kilichokauka ni maji tu, asidi haijaenda popote, kwa hiyo nyongeza hiyo huongeza ukali na kuzila sahani mapema. Sijui ni nani aliyewashawishi madereva wengi kiasi hiki kwamba asidi huamsha betri.

Kuna hoja za kuupinga mtazamo huu, na ya kwanza ni kwamba mteja hawezi kulipia maneno. Ni kweli hataki, lakini tazama anachouziwa: anaambiwa "nimeangalia, iko sawa", kauli asiyoweza kuishika wala kuipeleka kwa fundi mwingine. Apewe karatasi yenye namba nne, volti za betri ikiwa imetulia, za stata ikizunguka, za chaji na za ethi, na atakuwa amenunua kitu. Maabara za hospitali huuza namba kila siku, na hakuna anayelalamika kwamba hakuondoka na dawa.

Hoja ya pili ni ya mwenye daladala: gari likilala siku moja ni hasara, hivyo afadhali abadilishe betri aondoke. Hesabu hiyo ni sahihi ikiwa betri ndiyo mbovu. Ikiwa altaneta inatoa volti 13 tu, betri mpya haitajaa kamwe. Ikiwa inatoa zaidi ya 15, itachemka. Vyovyote itakavyokuwa, mwenye gari atarudi dukani kabla ya wakati. Na ikiwa kuna mvujo, tuseme king'ora au redio iliyoungwa vibaya inayokunywa nusu ampea gari likiwa limezimwa, hizo ni ampea-saa 12 kwa siku. Betri ya ampea-saa 45 iliyoegeshwa Ijumaa jioni huenda isiwashe gari Jumatatu, iwe mpya au kuukuu. Fundi anayebusti na kuondoka hajatengeneza kitu.

Ya tatu ni nzito zaidi, na inatoka kwa mafundi wenyewe: mita haitoshi. Tatizo linalokuja na kuondoka halionekani kwa kupima mara moja. Tena baadhi ya magari ya miaka ya karibuni hupunguza chaji makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo anayesoma volti 12.8 injini ikiwa inawaka na kuhukumu altaneta kwa kanuni ya zamani atakuwa ameua isiyo na hatia. Wana haki. Ila hoja hii inaonyesha kwamba kusoma kipimo kunataka elimu ya aina ya gari, na elimu hiyo ndiyo bidhaa yenyewe. VETA nchini Tanzania hufundisha umeme wa magari, na NITA nchini Kenya huwatahini mafundi na kuwapanga kwa madaraja. Haina maana kumpandisha fundi daraja kisha kumlipa kwa idadi ya boliti alizofungua.

Kosa la kubahatisha halimgusi mwenye gari peke yake. Betri iliyotolewa hununuliwa na wa vyuma chakavu kwa sababu ya risasi iliyomo, na isipoyeyushwa kwa uangalifu madhara yake yanafahamika. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na sumu ya kiwanda kilichoyeyusha betri, na Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kila betri nzima inayohukumiwa kimakosa huingia mapema kwenye mnyororo huo.

Kwamba soko linaweza kununua kipimo, ushahidi upo dukani kwenyewe. Muuza betri anayetoa dhamana hambadilishii mteja kwa maneno: anairudishia chaji, anaibebesha mzigo, na mara nyingine anataka kuiona altaneta kwanza. Fedha ikiwa yake, anapima. Wenye magari mengi, yaani kampuni za teksi, za mabasi ya shule na za usambazaji, ndio wanaoweza kulianzisha jambo hili, kwa kuwa wanalipa ankara za kutosha kuona tofauti mwisho wa mwezi. Waiweke ada ya kupima kwenye mkataba na fundi, wadai namba kwenye risiti, na spea inunuliwe na mtu mwingine ili mpimaji asiwe na faida katika jibu lake. Na ada hiyo isipunguzwe hata jibu likiwa ni kukaza kichwa cha betri kwa spana namba kumi.