Ganda la Mbuni, Mwamba wa Mirihi na Kichupa cha Oksitosini

Mwezi Oktoba, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana Mhunze hupita nyuzi 30 za Selsiasi. Katika zahanati iliyokatikiwa umeme, kichupa cha oksitosini kilichoachwa mezani hakibadiliki rangi wala harufu. Dawa iliyomo ni mnyororo wa asidi amino tisa. Joto na maji huuharibu polepole, wala jicho la muuguzi haliwezi kutambua. Atakayetambua ni mzazi ambaye damu inaendelea kumtoka ilhali sindano amekwisha kuchomwa.

Molekuli za kikaboni hazidumu kwa uimara wake zenyewe; hudumu kwa hifadhi. Uso wa Mirihi hupigwa na mionzi ya urujuanimno bila tabaka la ozoni la kuizuia, na udongo wake una kemikali kali za perikloreti. Hata hivyo, mwaka 2018 ilitangazwa kwamba chombo Curiosity kilikuta molekuli za kikaboni katika miamba ya tope ya Gale yenye umri wa takribani miaka bilioni 3. Ilibidi mwamba utobolewe sentimita chache.

Ushahidi wa karibu zaidi, na pengine wa kustaajabisha zaidi, umo Tanzania. Mwaka 2016 watafiti walieleza kuwa maganda ya mayai ya mbuni kutoka Laetoli, Ngorongoro, yenye miaka milioni 3.8, bado yana vipande vya protini. Vipande hivyo, navyo minyororo ya asidi amino, vilikuwa vimeshikamana na kalsiti ya ganda. Maji yaliyobanwa hapo hayakuweza kuvikata kwa urahisi, kana kwamba joto limeshuka kwa nyuzi 30 hivi. Ganda lilifanya kazi ya jokofu!

Kichupa hakina kalsiti. Mnyororo wa dawa unaelea majini, na sehemu yake dhaifu ni kiungo cha salfa mbili. Katika kabetosini kiungo hicho kimebadilishwa, na aina yake istahimiliyo joto hukaa nje ya jokofu, mradi nyuzi zisizidi 30. Oksitosini haina msamaha huo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza itunzwe kati ya nyuzi 2 na 8, na inaruhusiwa kuwekwa katika jokofu la chanjo. Ndugu anayetumwa kuinunua duka la dawa aulize ilikuwa imehifadhiwa wapi, kisha aibebe ndani ya kisanduku chenye ubaridi.