Motokaa Kuukuu Uani Mwetu

Wasomaji wetu watatuwia radhi tukinena mwezi huu habari za motokaa. Ni Morris Minor ya mwaka 1959, tuliyoinunua kwa nia ya kuifufua kwa mikono yetu na ya wanetu, hali nyumbani kwetu hapakuwa na hata mmoja aliyepata kufungua zaidi ya gurudumu la baiskeli.

Gari hizi ziliundwa Uingereza tangu mwaka 1948 hata 1971, nazo zilizidi 1,600,000. Aliyezibuni ni Alec Issigonis, yule yule aliyebuni Mini baadaye. Injini ya hii yetu ni ndogo, ya sentimita za ujazo 948, na mtoto wa shule akifunua boneti aweza kukiona kila kiungo chake. Hilo ndilo lililotughuri. Tulidhani taabu itakuwa injini. Kumbe ilinguruma siku ya tatu, baada ya kusafishwa kabureta na kubadilishwa plagi.

Taabu ilikuwa chini ya miguu. Tulipoondoa viti na zulia, kijana mmoja alidunga sakafu kwa bisibisi, nayo ikazama mpaka mpinini. Aliyetuuzia alikuwa ameziba matundu kwa magazeti na puti, akapaka lami, kisha rangi nzuri ajabu. Na Morris Minor haina fremu ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Sakafu na vizingiti vya milango vikiliwa na kutu, nguvu yote ya gari imekwenda.

Mengine tuliyajua kwa hasara. Nati zake ni za inchi, na spana za milimita huzila pembe. Waya wa betri ufungwao kwenye bodi ni wa chanya, kinyume cha gari za leo. Redio yetu iliungua kwa kutojua hayo. Maungo ya magurudumu ya mbele yataka grisi mara kwa mara, la sivyo hukatika na gurudumu likalala barabarani. Vumbi la breki za zamani huwa na asbesto: halipulizwi, hufutwa kwa kitambaa chenye maji. Wala mtu asiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki pekee.

Gharama ya kuchomelea ilipopita bei ya gari, mwanetu mkubwa alisema, "Baba, tuzibe tena kwa puti tuuze. Nasi si tuliuziwa hivi hivi?" Hatutaficha: usiku ule tulilipima neno lake, tena kwa muda mrefu kuliko impasavyo mtu mwenye mvi. Ndipo tukamkumbuka Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakuta umajimaji, akamwuliza mwenyewe mbona hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wapate kuiona.

Mnunuzi alikuja Jumamosi, na rangi ilimpendeza mno. Tukamfunulia zulia. Akatazama, akamaliza chai yake, akaaga kwa adabu. Mwanetu hakusema neno. Baada ya swala ya alasiri tulimkuta uani na msumeno wa chuma, akikata sakafu iliyooza. Upande wa dereva umekwisha tiwa bati jipya. Wa abiria bado, na mama yake anauliza kila siku ua wake utarudi lini.