OJ 287: Kalenda ya Mashimo Meusi Mawili

OJ 287 ni kiini cha galaksi kilicho upande wa buruji ya Saratani, umbali wa takriban miaka ya nuru bilioni 3.5. Mwanzoni mwa Februari, kwenye saa saba usiku, hupita karibu na utosi wa Kampala, kaskazini kidogo. Bila darubini hakionekani.

Picha za anga zilizopigwa tangu mwishoni mwa karne ya 19 zinaonyesha kwamba kila baada ya miaka 12 hivi mwanga wake hulipuka, kwa kawaida mara mbili. Kwa maelezo ya Mauri Valtonen wa Finland na wenzake, humo mna mashimo meusi mawili: kubwa lina tungamo la Jua mara bilioni 18, dogo mara milioni 150. Kila dogo linapoitoboa sahani ya gesi inayolizingira kubwa, gesi iliyochemka hufumuka na kung'aa.

Tarehe za milipuko hiyo ndizo zinazompima Albert Einstein. Kwa nadharia yake ya uhusianifu, njia ya mzunguko nayo hugeuka. Ile ya sayari ya Utaridi hugeuka kwa sababu hiyo takriban sehemu ya 84 ya digrii 1 kwa karne nzima. Ya OJ 287, digrii 39 hivi kwa mzunguko mmoja. Tena mawimbi ya mvutano huunyonya mzunguko nishati yake. Mlipuko wa 13 Septemba 2007 ulikuja kama ulivyotabiriwa. Bila mawimbi hayo ungechelewa siku 20 hivi.

Kuuhakiki utabiri wa 31 Julai 2019 kulikuwa kugumu zaidi, kwani Jua liliziba njia na darubini za duniani hazikuweza kuona kitu. Spitzer, darubini ya angani iliyokuwa kilomita milioni 254 kutoka Duniani, iliuona mlipuko. Tofauti haikuzidi saa nne, na huo ni usahihi wa kustaajabisha.

Lakini mlipuko uliotarajiwa Oktoba 2022 haukuonekana. Stefanie Komossa na wenzake wanalikadiria shimo kuu kuwa na tungamo la Jua mara milioni 100 tu. Pingamizi hilo ni zito: tungamo likipungua kiasi hicho, hesabu nzima ya digrii 39 haisimami.

Ipo njia ya kuzitafuta jozi za mashimo meusi isiyotegemea milipuko. Juni 2023, makundi kadhaa ya wanasayansi yanayopima mapigo ya nyota za pulsa yalitangaza dalili za mvumo wa mawimbi ya mvutano, ambao huenda unatokana na jozi nyingi za mashimo makubwa. Darubini ya redio ya MeerKAT ya Afrika Kusini hupima mapigo hayohayo. Hadi sasa mvumo huo haujatenganishwa jozi kwa jozi.