Mbogo, Risasi na Bunduki ya Mwaka 1912

Mbogo dume aliyekomaa anaweza kufikia kilo 700 na kupita. Moyo wake umekaa chini kifuani, nyuma kidogo ya mguu wa mbele, na risasi inayoutafuta sharti ipasue ngozi nene, nyama ya bega na mara nyingi mfupa wenyewe, kisha ibaki na nguvu ya kupenya mapafu yote mawili. Ikiishia njiani, mbogo haanguki. Hukimbilia kichakani na damu yake, na mara nyingi husimama humo kumngoja anayemfuata.

Na anayemfuata akiwa mbele si mgeni aliyelipia leseni. Ni mfuatiliaji wa nyayo, mwenyeji wa Morogoro, Tabora au Rukwa, fimbo mkononi, macho chini kwenye majani yenye damu. Nyuma yake yuko mwindaji bingwa, kisha askari wa wanyamapori. Kosa la aliyechagua risasi mbovu akiwa dukani Ulaya au Marekani hulipwa kwanza na mtu huyu wa mbele, na mnyama naye hulipa kwa saa nyingi za maumivu. Kwa hiyo swali la risasi gani iingie kwenye chemba linastahili kuulizwa kwa uzito wake wote.

Jibu ambalo limedumu kuliko yote lilitolewa London mwaka 1912 na kampuni ya Holland & Holland: .375 Magnum, yenye kipenyo cha milimita 9.5. Nchi kadhaa za Afrika zimeifanya namba hiyo kuwa kiwango cha chini kisheria kwa wanyama hatari. Tanzania ni mojawapo, kwa wanyama kama tembo, mbogo na simba. Risasi iliyobuniwa miaka miwili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza bado ndiyo mstari ambao sheria inautumia kupimia nyingine.

Ili kuona kwa nini, inafaa kurudi nyuma hadi enzi za magobore. Mwingereza Frederick Courteney Selous alipofika kusini mwa Afrika mwaka 1871 akiwa na miaka 19, aliwinda tembo kwa magobore makubwa yaliyorusha pande la risasi lenye uzito wa robo ratili, zaidi ya gramu 110, kwa baruti nyeusi. Baruti ile ilikuwa na nguvu ndogo, kwa hiyo njia pekee ya kupata upenyo ilikuwa kuongeza uzito. Silaha hizo zilimpiga bega vibaya, na baadaye aliandika kwamba zilimharibia utulivu wa mkono na ulengaji wake. Selous aliuawa kwa risasi ya Wajerumani huko Beho Beho, karibu na Rufiji, Januari 1917. Kaburi lake liko huko huko, ndani ya eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Baruti isiyo na moshi ilibadilisha hesabu yote. Mwaka 1898 John Rigby alitoa .450 Nitro Express, iliyotumia kodaiti, aina ya baruti hiyo, na kurusha risasi ya greni 480, takriban gramu 31, kwa mwendo wa mita 650 hivi kwa sekunde. Risasi nyembamba na ndefu sasa ilipenya mahali ambapo donge la zamani lilikwama. Lakini kodaiti ilikuwa na tabia mbaya: joto likipanda, shinikizo ndani ya ganda nalo hupanda. Ganda likabana kwenye chemba na kukataa kutoka, na mbele ya tembo hilo ni hatari iliyo wazi. Wahunzi wa Uingereza wakatengeneza maganda marefu na mapana, ambamo shinikizo lilibaki la chini hata katika jua la tropiki.

Kuna jina ambalo hutajwa kila mjadala huu unapoanza, nalo ni W. D. M. Bell. Mskoti huyu aliwinda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, akaua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya .275 Rigby, ambayo ndiyo Mauser ya milimita 7. Leo bunduki ya ukubwa huo ni ya swala na nguruwe pori. Wengi wakisikia habari za Bell hufikiri ukubwa hauna maana. Huo ni usomaji wa haraka. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kwa kila pembe ya kutazama. Alitumia risasi ngumu, ndefu, za greni 173, ambazo hazikujikunja zilipogonga mfupa. Alikuwa mlengaji wa kipekee, na akiona nafasi si nzuri aliweza kungoja siku nyingine. Mgeni mwenye siku chache za leseni hana hata kimoja kati ya hivyo, na sheria inafanya vyema kumnyima bunduki ya Bell.

Upande wa Wajerumani, Otto Bock wa Berlin alileta mwaka 1905 risasi ya 9.3x62. Aliikata urefu hasa ili iingie kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser 98, ambayo bei yake ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na bunduki ya Kiingereza yenye mitutu miwili. Walowezi wa makoloni ya Kijerumani, Afrika Mashariki ikiwemo, walipata silaha moja ya kulinda shamba na kuwinda nyama. Ilirusha greni 286 kwa utulivu na ilipenya vizuri. Kwa kipimo cha sheria ya .375 inapungukiwa na chini ya robo milimita, na wapenzi wake wanalisikitikia hilo hadi leo.

Holland & Holland walizijua hoja zote hizi walipokaa kuchora ganda lao. Wakalifanya refu na lenye mteremko mrefu, jembamba kuelekea mbele, ili liteleze kuingia na kutoka hata likiwa na joto. Mteremko ule ukaacha bega dogo lisiloweza kulishikilia ganda mahali pake ndani ya chemba, ndipo wakaweka mkanda karibu na kitako cha ganda ufanye kazi hiyo. Mkanda huo umeigwa na risasi nyingi baadaye, hata pale usipohitajika. Lakini kwenye .375 ulikuwa na sababu.

Ikipakiwa greni 300, takriban gramu 19.4, .375 huondoka mtutuni kwa zaidi ya mita 760 kwa sekunde, na nguvu yake inazidi jouli 5,500. Teke lake begani ni kama mara mbili ya lile la bunduki ya kawaida ya .30-06. Mtu mzima aliyefanya mazoezi hulizoea, na hapa ndipo ubora wake ulipo. .470 Nitro Express yenye greni 500 na .416 Rigby ya mwaka 1911 yenye greni 410 zina nguvu kubwa zaidi, na mwindaji bingwa anayepaswa kumzuia mbogo anayeshambulia kwa hatua kumi ana haki ya kuzibeba. Harry Selby wa Kenya alijulikana kwa .416 yake, aliyoichukua Nairobi baada ya gari kuikanyaga bunduki yake ya .470. Lakini mteja anayefumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, kwa kuogopa bega lake, atapiga tumbo. Mbogo aliyepigwa tumboni kwa .470 ni hatari kama aliyepigwa tumboni kwa bunduki yoyote.

Kupatikana nako kuliamua mengi. Katika miaka ya 1960 Kynoch, kiwanda cha Uingereza kilicholisha bunduki kubwa za safari, kiliacha kutengeneza risasi hizo, na silaha nyingi za thamani zikabaki zimetundikwa. .375 haikuguswa na ukame huo: Winchester wa Marekani walikuwa wameiingiza kwenye bunduki yao ya Model 70 tangu mwaka 1937. Winchester hao hao walileta .458 Magnum mwaka 1956 kwa bei nafuu, na ikasambaa haraka Afrika, ila baruti iliyoshindiliwa katika ganda fupi iliweza kugandamana, risasi ikatoka bila mwendo wake. Kasoro hiyo ilirekebishwa baadaye.

Hata hivyo namba iliyochongwa kwenye mtutu ni nusu ya jambo. Kinachoingia ndani ya mnyama ni kichwa cha risasi, na hapo ndipo wanunuzi wengi hubana fedha pasipostahili.

Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler aliwinda moose, kulungu mkubwa wa Kanada, huko British Columbia, kwa .300 Holland & Holland, bunduki iliyozaliwa kutokana na ganda la .375. Risasi zake zilipogonga bega lililojaa tope gumu zilipasuka juu juu, bila kufika ndani. Alirudi nyumbani akatengeneza risasi yenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele hufunguka, ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kusukuma. Risasi hiyo, Partition, ingali sokoni. Wengine walifuata kwa njia ya kuunganisha madini ya risasi ya ndani na gamba lake la shaba ili visiachane, na wengine wakaondoa madini hayo kabisa na kuchonga kichwa kizima kwa shaba tupu.

Kwa mbogo, risasi ya ncha laini iliyojengwa imara ndiyo ya kwanza kuingia chembani. Inapofika nyamani hufunguka kama uyoga, hupanua jeraha, na aghalabu hubaki ndani au chini ya ngozi ya upande wa pili. Risasi ngumu, isiyofunguka, huweza kumpita mbogo mmoja na kumjeruhi mwingine aliyesimama nyuma yake kundini. Kwa sababu hiyo huwekwa chini ya ile ya ncha laini kwenye magazini, kwa ajili ya mbogo anayekimbia akionyesha mgongo tu. Kwa tembo mambo hugeuka: fuvu lake ni mfupa mnene wenye matundu mengi ya hewa, na risasi ngumu pekee ndiyo inayonyooka hadi kwenye ubongo. Simba, mwenye uzito wa kilo 200 hivi na ngozi nyembamba, anahitaji risasi inayofunguka mapema; greni 270 humtosha, na hizo hizo humfaa pofu na pundamilia.

Uwezo huu wa kubadilisha risasi bila kubadilisha bunduki ndio uliowavutia wengi. Lakini haumwondolei mtu wajibu wa kulenga ubaoni kambini kwa risasi zile zile atakazowindia, akiwa amesimama, bunduki juu ya fimbo tatu. Mashirika ya ndege huruhusu kilo tano tu za risasi kwa abiria, kwa hiyo mwenye busara huja na aina mbili alizozipima, haji na tano alizosomea.

Kuna jambo jipya lililoongezwa kwenye uchaguzi huu. Madini ya risasi ni sumu. Yanapovunjika ndani ya mnyama huacha vipande vidogo kwenye nyama na matumbo, na matumbo huliwa na tumbusi, ambao idadi yao Afrika imeshuka vibaya. Vipande hivyo pia huweza kubaki kwenye nyama ambayo watu wa vijiji vya jirani hupewa. California imepiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji tangu mwaka 2019, kwa ajili ya kondori wake, ndege wala mizoga. Kwa mwenye .375 kubadili si mzigo mkubwa: vichwa vya shaba tupu vya greni 250 hadi 300 vinauzwa, havipasuki, na kwa mbogo hupenya zaidi ya vile vya zamani vya uzito ule ule. Shaba ni nyepesi, hivyo kichwa chake huwa kirefu na huchukua nafasi ya baruti ndani ya ganda. Ganda la mwaka 1912 lina nafasi hiyo.